Usinunue tiketi ya Okinawa kabla sensei wako, mwalimu wa karate, hajaandika barua

Simamisha hiyo safari kwanza. Umesema unatoka Kisumu mwezi wa kumi kwenda Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, wiki mbili, unataka kujua ubebe gi (vazi la karate) gani, chakula ni bei gani, mvua zikoje, na kama unaweza "kuingia tu dojo yoyote jioni ufanye mazoezi", yaani ukumbi wowote wa karate. Hayo mengine yatangoja. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza, na ninakuona unaelekea shimo lile lile.

Mimi niliambiwa na jamaa mmoja wa Nakuru, mkanda mweusi dani ya tatu, mtu niliyemheshimu: "Karate ni familia moja. Beba gi yako, piga hodi, watakupokea." Alisema kama mtu aliyefika huko. Baadaye nikagundua hajawahi hata kuwa na pasipoti. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu maneno yake hayakumgharimu hata shilingi, na mimi kwa safari ile nilichukua mkopo wa sacco wa shilingi 230,000 nikaulipa miezi 18.

Dojo nyingi za Naha, mji mkuu wa Okinawa, si kumbi za michezo kama unavyodhani. Ni chumba cha chini cha nyumba ya mwalimu, na yeye na familia yake wanaishi juu. Nilifika kwenye moja saa 1 jioni. Viatu vimepangwa mlangoni, ncha zikitazama nje, na ndani nasikia ngumi zikigonga makiwara, ule ubao wa kupigia: tak, kimya, tak. Nilikuwa nimeshavaa gi ndani ya jaketi, beji ya bendera kifuani, mkanda mweusi mkononi. Nikainama, nikasema "Osu!" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ngumi zikanyamaza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hilo "osu" tunalosalimiana nalo huku, wazee wengi wa Okinawa hawalipendi. Wao husema "hai", basi. Mzee mwenye dojo akatoka na taulo shingoni, mwanafunzi mmoja akitafsiri kwa Kiingereza. Aliuliza mambo mawili tu. Mwalimu wako ni nani? Anajua uko hapa?

La kwanza nilijibu. La pili nilikosa la kusema, maana sensei wangu sikumuaga. Nilitaka kurudi na picha nimshangaze. Mzee akainama kwa adabu kabisa, akauvuta mlango ukafunga.

Usiku ule nilisema ni ubaguzi. Haukuwa. Fikiria kijana usiyemjua atokee boma la baba yako kule Siaya jioni, aende moja kwa moja jikoni, na hawezi kusema ametumwa na nani. Hata sisi tungeuliza, "Wewe ni wa kwa nani?" Tena Wajapani wana sababu ya zaidi. Zamani mtu aliyetokea dojo ya wenyewe bila kutambulishwa huenda alikuja kutaka kupigana na kuwaaibisha, na jambo hilo lina jina lake, dojo-yaburi, kuvunja dojo.

Siku sita nilizunguka Naha kwa ile treni ya reli moja inayopita juu ya barabara. Dojo mbili zilinikubalia nikae pembeni nitazame. Siku ya saba nikampigia sensei, saa 2 usiku kule, saa 8 mchana Kisumu. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, habari za safari yako nimezisikia kwa watu." Hakunigombeza. Nimewahi kuvunjwa ubavu kwenye mashindano, lakini sauti ile iliniuma zaidi. Siku hiyo hiyo akaandika barua ya ukurasa mmoja: yeye ni nani, amenifundisha miaka mingapi, anaomba nipokewe.

Niliichapisha nikaipeleka kwa yule mzee. Akasikiliza mstari kwa mstari ikitafsiriwa, akaikunja, akaitia ndani ya gi yake, akanionyesha pa kuweka viatu. Zilikuwa zimebaki jioni mbili. Ya kwanza nzima ilikuwa Sanchin, kata moja tu (mfululizo wa miondoko uliopangwa), mzee akinipiga mabega na mapaja kwa kiganja apime kama mwili umekaza. Akachuchumaa akausogeza mguu wangu wa mbele mpaka kisigino kikawa sawa na vidole vya mguu wa nyuma. Miaka 11 ya Goju-ryu, mtindo wangu wa karate, na nilikuwa nasimama vibaya. Ningeweza kupata jioni nyingi za namna hiyo. Nilipata mbili.

Kwa hiyo leo baada ya mazoezi mfuate sensei wako umwambie. Barua aandike yeye, si wewe. Kama hamjui mtu huko, muandikie kituo cha habari kilichomo ndani ya Okinawa Karate Kaikan, pale Tomigusuku, jengo lililofunguliwa 2017. Kazi yao ni kuwaunganisha wageni na dojo. Taja mtindo wako, usije ukapelekwa Shorin-ryu na wewe ni wa Goju. Kisha ngoja jibu. Dojo ikisema njoo, ndipo ulipe tiketi, si siku moja kabla. Gi iwe nyeupe tupu, beji zibandue.

Jibu likija, niambie ni dojo ya mtaa gani. Ikiwa ni ya mzee yule, nina pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho nataka umpelekee.