Lakabu haina shida, mtunzi tunamjua kwenye malumbano

Mkuu, umeuliza kama grupu lenu la ushairi lilazimishe kila mtu aweke jina la kwenye kitambulisho, kwa vile kuna mwenye lakabu (jina la kujipa la utunzi) kakutwa anabandika mashairi ya wenzie kama ya kwake. Mimi nasema msilazimishe. Niko Ujiji, nasaidia kusimamia grupu la WhatsApp la watunzi wa huku Kigoma na wengine wa Tabora mpaka Urambo, na wizi huo umetukuta, tena aliyeiba kwetu alikuwa anatumia jina lake kamili na picha yake kabisa.

Alijulikanaje? Si unajua ubeti wa mwisho mtunzi anataja jina lake na anakotoka, wazee wamefanya hivo miaka yote na siyo mapambo, ule ndo muhuri wenyewe. Shairi lililoibwa liliishia hivi (majina nimebadilisha, naweka ya mfano):

Kaditama nakariri, kalamu naweka chini,
Jina langu Msafiri, Ujiji ndiko nyumbani.

Jamaa akang'oa Msafiri akapachika la kwake, tuseme Mashaka. "Jina langu Mashaka", hesabu mwenyewe, mizani (yaani silabi) saba, wakati vipande vyote huko juu vina nane nane, na kina cha -ri kimekufa hapo hapo. Mama mmoja wa grupu anayeuza mawese ndo aliona wa kwanza, akaandika tu, "Mwanangu, mbona mstari wa mwisho unachechemea?" Tukamwomba jamaa atunge beti mbili za kujibu, bahari (aina ya shairi) ile ile, vina vile vile. Akalefti.

Kutojuana sura siyo jambo geni kwa watunzi wa Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na humo watu walisomana mashairi bila kuwahi kukaa baraza moja, unamjua mtu kwa jina lililo chini ya shairi basi. Na hapa kwetu Ujiji ndo walikozaliwa washairi Sheikh Kaluta Amri Abedi na Saadani Kandoro, kwahiyo hizi habari tumekua nazo. Sheikh Amri alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 wengi wanakiona kama cha kuwabana watunzi, mimi naona kimetupa kipimo, maana ukijua mizani na vina unaweza kumkagua mtu usiyemjua kabisa, awe na jina la baba yake au la kujipa.

Sasa mkilazimisha majina mtawapoteza kina nani? Kwetu kuna dada anatunga mambo ya ndoa, mashairi mazito mno, na wakwe zake wako mtaa huo huo, simu zinapita mkono kwa mkono. Kuna mwalimu anaandika kuhusu shule anayofundisha. Hawa siku ukiwaambia jina halisi au toka, watatoka kimya kimya, na utabaki na mashairi ya harusi na ya kusifu viongozi, na mimi hilo linaniuma kuliko wizi.

Kwahiyo sisi tunachokataa ni mtu kubadilisha lakabu kila mwezi. Shika moja, kaa nayo, watu wakuzoee. Mgeni akiingia tunampa kibwagizo jioni hiyo hiyo alumbane na mwenyeji, yaani wajibizane kwa mashairi papo kwa papo, kisha atume voisi anaghani shairi lake mwenyewe. Hizi programu za akili bandia siku hizi zinamwandikia mtu beti kumi kwa dakika, ila kwenye kughani mtu asiyelijua shairi anajulikana, anakata pumzi katikati ya neno, hajui ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mstari, umeishia wapi. Na anayebandika shairi la mtu mwingine aache ubeti wa mwisho ulivyo, ukikatwa tunalifuta hata kama alikuwa na nia njema.

Pesa ndo habari nyingine kabisa. Umegusia kwamba huyo huyo wa kwenu mwenye lakabu anakusanya michango ya kuchapisha diwani ya pamoja, hapo lakabu ikae pembeni. Anayeshika hela ajulikane jina, anapokaa, na ndugu yake mmoja. Kwetu majina halisi ya wanaochanga na wanaopokea wanayo watu wawili tu, mmoja mwanamke, na hawayataji kwenye grupu. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la mpokeaji, kama siyo lile mlilokubaliana usitume, hata akikwambia ni laini ya shemeji yake. Muiteni kwanza alumbane, alafu daftari la michango aliweke mezani wiki hii hii, na waliokwisha kutuma watunze meseji zao za muamala.