Mwite Mgonjwa Kabla Hujaandika Pendekezo

Wewe unayeanza utafiti wa saikolojia ya afya kwa watu waliofanyiwa upasuaji, tenganisha kwanza watu wawili. Mgonjwa anayejaza dodoso lako ni mshiriki: anatia saini fomu ya ridhaa, na kamati ya maadili inamlinda. Mgonjwa anayekaa nawe mezani kuamua dodoso liulize nini ni mshauri. Huyu wa pili ndiye anayesahaulika, au anaitwa kazi ikiwa imeshakwisha.

Ukimpelekea dodoso lililokamilika atakusahihishia maneno mawili matatu, basi. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki wa raia yenye vidato 8, na kule kuombwa maoni tu akakuweka kwenye kundi la ushiriki wa jina. Alikuwa akizungumzia mipango ya miji, lakini sisi watafiti tunaingia humo bila kubanwa.

Chukua kipimo cha HADS cha mwaka 1983, chenye maswali 14 kuhusu wasiwasi na sonona. Waliokitunga waliacha kwa makusudi dalili za mwili, kama kukosa usingizi au hamu ya kula, maana mgonjwa yeyote wa hospitali anaweza kuwa nazo. Hata hivyo swali moja linauliza kama mtu anajiona amekuwa mzito, mambo yake yanakwenda polepole. Msomee mtu mwenye nyuzi tumboni uone atakavyokutazama! Wewe utaandika sonona. Yeye anakuambia ni mshono. Hilo hulipati kwenye takwimu.

Wagonjwa washauri wanaweza hata kubadilisha kinachopimwa. Wataalamu wa baridi yabisi walizoea kupima maumivu na uvimbe wa viungo, mpaka wagonjwa walipoalikwa mwaka 2002 kwenye mkutano wa OMERACT, unaokubaliana nini kipimwe katika tafiti za magonjwa hayo, wakasema kinachowamaliza ni uchovu. Baadaye uchovu ukapendekezwa upimwe pia. Kwa upasuaji, waulize walichokiogopa: pengine si kisu, ni kutoamka kwenye nusukaputi, au aibu ya kuogeshwa na mwanao.

Waulize pia taarifa zikusanywe lini. Asubuhi ya upasuaji mtu anaweza kukubali lolote, na siku za kwanza dawa za maumivu humtia usingizi.

Usichague waliopona vizuri peke yao. Mtafute aliyepata maambukizi, aliyerudishwa chumba cha upasuaji, anayejuta. Mwaliko usitoke kwa daktari aliyempasua. Kumkatalia huyo ni kazi.

Nauli na malipo ya muda wao viingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kisha weka daftari: walipendekeza nini, kipi kilibadilika, kipi kilikataliwa na kwa nini, na uwarudishie majibu. Daftari hilo litakusaidia kujaza GRIPP2, mwongozo wa mwaka 2017 wa kuripoti ushirikishwaji. Toleo lake fupi lina vipengele 5 tu.