Korosho Ghafi na Nadharia ya Utegemezi

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Mwanangu wa kidato cha sita anasema umaskini wetu umeletwa na "utegemezi". Maana yake nini?
Mkulima, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao amesema kweli, ingawa si kweli yote. Utegemezi ni hali ya nchi maskini kuuza mazao ghafi na kununua bidhaa za viwandani kutoka nchi tajiri, huku faida kubwa ikibaki kwa hizo tajiri. Mwanauchumi wa Argentina, Raúl Prebisch, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba bei za mazao ghafi, kwa muda mrefu, hushuka zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani, hivyo nchi inayouza mazao hulazimika kuuza mengi zaidi ili inunue trekta lilelile. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongeza kuwa hali hiyo ilijengwa na biashara ya utumwa na ukoloni.

Tazama korosho yako. Inapakiwa Mtwara ikiwa bado na ganda na kupelekwa India au Vietnam, na huko hubaki ujira wa wabanguaji, faida ya kiwanda, hata yale mafuta ya ganda yanayochubua vidole, ambayo hutumika kutengenezea breki za magari.

Hata hivyo, nadharia hii haielezi kila kitu. Miaka ya 1970 tulijenga viwanda vya kubangua, tena kwa mikopo, lakini wakati huohuo wakulima walihamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, mbali na mikorosho yao, na bei waliyolipwa ikawavunja moyo. Mavuno yakaporomoka, viwanda vikakosa korosho. Makosa hayo, kwa maoni yangu, yalikuwa yetu wenyewe.