Jibu: Kwa nini Harry Watson hakuwahi kucheza hoki ya kulipwa?

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mtu afunge magoli 36 kwenye Olimpiki kisha asionekane kabisa katika NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini. Kwa Harry Watson, mzaliwa wa St. John's, Newfoundland, haukuwa ukosefu wa nafasi, kwa maana klabu za kulipwa zilimfuata na yeye akakataa, akachagua kubaki mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa.

Ikumbukwe kwamba wakati huo Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa pekee, na Kanada haikuunda timu ya taifa ya kuteuliwa, bali ilipeleka klabu iliyotwaa Kombe la Allan, yaani ubingwa wa ridhaa nchini humo. Toronto Granites, timu ya Watson, ililichukua mwaka 1922 na 1923, hivyo ndiyo iliyokwenda Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Huko iliifunga Uswisi 33–0, Watson peke yake akitia 13, na katika mechi 5 ikafunga jumla ya 110 na kufungwa 3 tu. Kwa maoni yangu, mechi inayompima kwa haki ni ile ya mwisho dhidi ya Marekani, iliyokwisha 6–1, maana wapinzani wengine walikuwa wanagenzi wa mchezo huo.

Baadaye alirudi kama mchezaji na kocha wa Toronto Nationals, iliyotwaa Kombe la Allan mwaka 1932.