Nina digrii ya umeme, nirudi karakana na vijana wa fom foo?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemaliza digrii ya uhandisi wa umeme mwaka wa pili huu, niko Mbagala kwa dada, maombi nimetuma mpaka nimechoka kutoa kopi za vyeti. Kuna chuo cha ufundi huku kinatoa kozi ya jioni ya kufunga mota na PLC, yaani ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo ya kiwandani, miezi 3. Dada amesema atanilipia ada kwa hela yake ya mchezo, yaani akinipa mimi yeye hana kitu tena mpaka mwakani. Baba hataki hata kusikia, anasema kanisomesha miaka 4 niwe injinia alafu nikakae benchi moja na watoto wa fom foo kukaza nati. Na mimi naogopa nisije nikawa na vyeti viwili na kazi bado sina. Nifanyeje?
Injinia wa Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda kasome, ila hiyo hela ya dada isitoke mpaka uwe umeingia kwenye karakana yao ukaona kwa macho yako.

Nikwambie kilichonipata mimi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, nimetoka chuo na GPA nzuri tu, siku ya tatu mota ya pampu ikagoma. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia inawaka, ukiachia kidole inazima. Nikakaa na mchoro mezani karibu saa nzima nakokotoa mkondo, nikasema labda ovalodi, ile kinga ya mota isizidiwe na mkondo, imesetiwa chini, nikaipandisha, wapi. Akaja fundi wa zamu, mzee wa darasa la saba, akachukua maltimita akagusa namba 13 na 14 pembeni ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayoipa mota umeme, wakati mwenzake kabonyeza kitufe, akasema hapa hapapiti kitu. Ndiyo ile kontakti ndogo inayoshikilia kontakta baada ya wewe kuachia kitufe, ilikuwa imeungua. Dakika 5 pampu ikawa inapiga kazi. Mimi ile saketi nilishaichora kwenye mtihani na nikapata maksi zote, ila sikuwahi kuishika, wala sikujua kwamba kwenye kontakta halisi zile namba zimeandikwa hapo hapo pembeni unazisoma tu! Usiku ule sikulala vizuri, na mwezi uliofuata nikaenda kujiandikisha kozi ya jioni, nikakaa na hao hao fom foo.

Kwa hiyo ukienda kukagua chuo usiulize cheti kinafananaje. Uliza paneli ziko ngapi na wanafunzi wangapi, maana kama watu 20 wanazunguka paneli moja wewe utakuwa mtazamaji. Angalia kama umeme wa fezi tatu upo kweli na mota inazunguka. Darasani umekokotoa kwamba ukiwasha mota kwa nyota kabla ya kuihamishia delta, zile njia mbili za kuunganisha koili zake, mkondo wa kuanzia unashuka mpaka theluthi moja ya ule wa delta, haya, sasa uunganishe mwenyewe zile waya 6 zinazotoka kwenye mota, usikie kontakta zinavyopokezana, na ujue kwanini zile mbili za nyota na delta zimefungwa zisiingie kwa pamoja, kwasababu zikiingia pamoja ni shoti ya fezi kwa fezi. Kwenye PLC ndo uwe mkali zaidi. Kuna vyuo PLC ni picha kwenye projekta tu. Wewe unataka sensa halisi imeunganishwa, ile inayotuma kipimo kwa mkondo wa 4 mpaka 20 mA, tuseme tenki tupu ni 4 na likijaa ni 20, mwalimu aichomoe waya uone kwenye skrini inasoma sifuri, hapo unaelewa kwanini wameanzia 4 na sio 0, kwamba sifuri maana yake waya imekatika na sio tenki limekwisha maji. Ukishaliona hilo mara moja hulisahau.

Na kabla hujalipa, azima hata laptopu ya mtu, CODESYS, ile ya kuandikia programu za PLC, inapatikana bure na ina sehemu ya kujaribishia programu bila kuwa na PLC. Kaa nayo wiki 2. Ikikuchosha mapema dada atakuwa hajapoteza kitu.

Kuhusu hao watoto wa fom foo, kozi za jioni mara nyingi wanaokaa pale ni watu wanaotoka kazini, mchana wako viwandani, na nafasi ya kazi kiwandani wao wanaisikia siku nyingi kabla haijabandikwa popote. Mimi kazi yangu ya pili niliambiwa na jamaa niliyekuwa nashea naye bisibisi. Sikuahidi kwamba na wewe itakuwa hivyo, cheti cha miezi 3 peke yake hakimpi mtu kazi, ila ukiwa pale uko karibu na watu wa kazi kuliko ukiwa sebuleni kwa dada.

Baba usibishane nae. Mtafute mjomba au baba mkubwa anayemsikiliza, aongee nae, na wewe umwonyeshe kwamba uinjinia hujauacha. Kama bado hujajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu fanya hivyo, na ufuatilie SEAP, ule mpango ulioanza 2003 wa kufanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi mtaalamu, maana kozi ya ufundi haichukui nafasi ya hiyo.

Kitu kimoja nakuomba sana, ukishajua kufunga usianze kuwafungia watu nyumba kimya kimya. Kazi ya wayaringi inataka leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na TANESCO wakija kuunganisha wanataka mchoro wa fundi mwenye leseni. Anza chini ya mtu mwenye nayo. Umeme hauna cha huyu ana digrii.

SWALI: Kaka habari. Mimi ni injinia wa mitambo, niko Mwanza, nimesoma kozi ya kuchomelea na sasa naomba kazi ya ufundi. Rafiki yangu anasema nifiche digrii kwenye sivii wasinione nitawakimbia. Ni sawa?
Dada wa Nyakato

JIBU: Nzuri dada. Usifiche, wakija kujua baadae utaonekana mwongo kwa jambo ambalo wala sio kosa. Weka kuchomelea juu kabisa, andika umechomelea nini, bomba au bati, unene gani, kwa stiki au kwa gesi, digrii ikae chini mstari mmoja. Kwenye intaviu wakikuuliza kama utawakimbia wajibu ukweli wako, alafu uwaombe wakupe kipande cha chuma uchomelee pale pale.