Hewa Ifike Kitovuni: Ushauri kwa Wanaoanza Kupoza Breki za Gari la Mashindano

Wengi wanaokuja kuniuliza habari za kupoza breki huja wakiwa wamekwisha nunua mpira wa kupitishia hewa. Wameona picha za magari ya mashindano yenye mabomba yanayotoka kwenye bampa kuelekea magurudumuni, wamepita mtaa wa Unga Limited hapa Arusha wakatafuta chochote chenye umbo la bomba, na sasa wanataka kuelekezwa mahali pa kutoboa. Nami nilianza vivyo hivyo, nikaharibu bampa moja na jozi ya diski kabla ya kuelewa kwamba bomba ni sehemu ya mwisho ya kazi hii, na kwamba ugumu wake wote umo katika sentimita 20 za mwisho, pale hewa inapokutana na diski. Nawaandikia ninyi mnaotengeneza magari yenu wenyewe hapa Arusha na Moshi, kwa fedha za mshahara, kwa ajili ya mashindano ya ridhaa.

Kabla ya kutoboa chochote, jiulize breki zako zilishindwa kwa namna gani, kwa maana kuna namna mbili na dawa zake hazifanani. Ikiwa pedeli ilizama hadi sakafuni au ikawa laini kama sifongo, mafuta ya breki yalichemka, na mvuke uliojitokeza ndani ya mabomba ya mafuta hayo ndio uliokuwa ukibanwa badala ya mafuta. Ikiwa pedeli ilibaki ngumu, ukaikanyaga kwa nguvu zako zote na gari likaendelea kwenda, mafuta yalikuwa salama ila pedi zilizidiwa na joto zikapoteza mshiko. Mara nyingi namna ya kwanza hutibiwa kwa fedha kidogo sana. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu wa hewa kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kopo lililofunguliwa likakaa kwenye rafu ya gereji tangu masika yaliyopita halifai, hata kama fundi atakuapia kwamba lilikuwa limefungwa vizuri. Nunua kopo dogo lililofungwa, badilisha mafuta yote kwenye mfumo, toa upepo kwa mpangilio uliomo katika kitabu cha gari lako, kisha uone kama tatizo bado lipo.

Vivyo hivyo kagua pini ambazo kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu yake. Vumbi letu ni laini kama unga, huingia kwenye grisi na kuigeuza tope, kalipa ikakwama na pedi ya upande mmoja ikabaki inasugua diski hata ukiwa umeachia pedeli. Gari la namna hiyo huchoma breki hata likiwa safarini sokoni, na hakuna bomba litakaloliokoa. Nimewahi kukaa siku nzima nikichora mdomo wa kuingizia hewa kwenye bomba kwa ajili ya gari la rafiki yangu, tukaja kugundua jioni kwamba pini mbili hazisogei hata kwa nyundo.

Baada ya hayo yote, kama pedi ni za daraja linalofaa na joto bado linakushinda, ndipo tuzungumze habari za hewa. Inafaa kwanza uelewe ukubwa wa mzigo. Gari la kilo 1,100 likisimama kutoka mwendo wa kilometa 120 kwa saa huzalisha joto la kilojuli 610 hivi, kiasi kinachotosha kuchemsha karibu lita mbili za maji hapa Arusha, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko. Ukipunguza mwendo huo kwa nusu, joto hushuka hadi robo. Breki za mbele hubeba takribani theluthi mbili za mzigo huo au zaidi, hivyo diski ya mbele yenye kilo tano hupanda kwa nyuzi 80 hivi katika kusimama mara moja tu. Hewa haiwezi kuzuia kupanda huko, kwa kuwa kusimama huchukua sekunde chache mno. Kinachofanywa na hewa ni kuondoa joto katika muda ulio kati ya breki moja na nyingine, gari likiwa mwendoni, ili ufike kwenye kona inayofuata joto likiwa limeshuka kiasi fulani.

Hapo ndipo penye uamuzi ambao wanaoanza huuruka. Kama unashindana kwenye uwanja mdogo wa vumbi wenye kona zilizosongamana, ambako mwendo wa wastani hauzidi kilometa 50 kwa saa, hakuna upepo wa maana unaoingia kwenye bampa, na fedha yako itafanya kazi nzuri zaidi ikinunua diski nzito na pedi bora. Bomba hulipa palipo na mwendo: kwenye lami iliyofungwa kwa ajili ya mazoezi, au kwenye njia ya mashindano yenye sehemu ndefu zilizonyooka kati ya kona kali. Kumbuka pia kwamba Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa zaidi ya moja ya kumi, kwa hiyo bomba linalosifiwa na mtu wa pwani litakupa wewe ubaridi pungufu kidogo.

Sasa tuitazame diski yenyewe. Diski nyingi za mbele zina tabaka mbili za chuma zilizounganishwa kwa mapezi, na nafasi iliyo kati yake ni njia ya hewa. Diski ikizunguka, mapezi huvuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje kwenye ukingo, kama feni. Hii ina maana kwamba diski ni pampu tayari, na kazi yako ni kuipelekea pampu hiyo hewa baridi mahali inapovutia, yaani kwenye tundu la katikati lililo upande wa ndani, linaloizunguka habu ambayo gurudumu hufungwa juu yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuelekeza mpira kwenye uso wa diski, kwa mantiki ya mtu anayepuliza uji. Uso wa ndani ulipoa, wa nje ukabaki na moto wake, na diski iliyopoa upande mmoja hupinda kama sahani. Baada ya siku mbili za mazoezi usukani ulitetemeka kila nilipogusa pedeli, na diski hizo zikawa chuma chakavu. Ukipeleka hewa kitovuni, mapezi huigawa yenyewe kwa pande zote mbili.

Kama gari lako lina diski za tabaka moja, au breki za ngoma, faida ya bomba ni ndogo. Kabla ya kuanza, tafuta kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika kama kuna toleo jingine la gari hilohilo lililotoka kiwandani na diski za tabaka mbili.

Ili hewa iingie kitovuni bila kupotea unahitaji bati la kuielekeza. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kiwandani la kukinga vumbi. Wapo wanaoling'oa na kuliacha hivyo, wakidhani wamefungua njia ya hewa, kumbe wameacha joto la diski liunguze mpira wa bolijointi na wa taarodi, yaani viungo vya gurudumu na vya usukani. Mimi hulitumia kama kielelezo: nalichora juu ya karatasi ngumu, nakata bati jipya la chuma cha milimita moja kwa umbo hilohilo, naacha tundu linalolingana na tundu la kitovu cha diski, kisha nafunga juu yake kikombe chenye shingo ya kuvalia mpira. Kati ya bati na diski acha milimita nne au tano, kwa sababu diski hutanuka ikipata moto na beringi huwa na mchezo kidogo. Usitumie bati la mabati ya nyumba kisha ukalichomelea, maana moshi wa zinki unaotoka humo hukuletea homa usiku. Likiwa ndilo pekee ulilonalo, lifunge kwa riveti. Angalia waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) na mpira wa mafuta ya breki vipitie mbali na kikombe, na usikubali fundi akutobolee kile chuma kinachoshika habu ili kupata mahali pa boliti. Hicho ndicho kinachobeba gurudumu.

Kuhusu mpira, kipenyo cha ndani cha milimita 63 hadi 75 kinatosha magari mengi ya aina yetu. Bomba la plastiki lenye mikunjo linalotumika kupitishia nyaya majumbani lilinivutia kwa bei yake, likalainika na kujikunja siku ileile ya kwanza. Kinachofaa ni mpira wa silikoni wenye waya ndani, na ukikosekana, mpira wa hewa wa lori, ule unaotoka kwenye kichujio kwenda injini, unaweza kutumika kwa sehemu iliyo mbali na joto, huku kipande cha mwisho kilicho karibu na diski kikiwa cha chuma au silikoni. Fupisha njia kadiri unavyoweza na uepuke kona kali, kwani kila kona hula upepo. Mdomo wa mbele, ambako ni baridi, hauhitaji gharama yoyote. Wangu wa kwanza uliofanya kazi niliukata kwenye dumu la mafuta ya kula la lita tano, nikaufunga kwenye tundu la taa ya ukungu, na ulidumu msimu mzima. Muhimu ni mahali: weka mdomo pale upepo unapogonga gari moja kwa moja, kwenye uso wa bampa, wala usiuweke chini ya bampa ambako hewa hupita bila kusukuma. Kabla ya kukata, soma kanuni za mashindano unayokusudia kuingia, kwa sababu wakaguzi wengine hawapendi bodi iliyokatwa.

Kazi inayochosha kuliko zote ni kupitisha mpira. Gurudumu la mbele hupanda, hushuka na kukata kona, na mpira lazima ufuate mienendo hiyo yote bila kuguswa na tairi wala kuvutwa. Inua gari, liweke juu ya stendi imara, toa springi, kisha ukiwa na jeki sogeza mkono wa chini unaoshika gurudumu tangu chini kabisa hadi juu kabisa, na katika kila hatua zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Paka chaki kwenye ukuta wa ndani wa tairi, itakuonyesha palipoguswa. Mzee aliyenifundisha kazi hii Moshi alikuwa akinizuia kufunga chochote kwa kamba za plastiki karibu na diski. "Kijana wangu," alikuwa akisema, "hiyo itashika hadi kona ya tatu." Tumia klipu za chuma.

Halafu pima, kwa sababu bila vipimo utabaki na imani tu. Kipimajoto cha mionzi ya infraredi kinapatikana kwa bei ya wastani, lakini kina udhaifu wake: chuma kinachong'aa hukidanganya, nacho hutoa namba iliyo chini ya joto halisi. Kwa hiyo lenga doa lilelile kila mara, pima mara tu gari linaposimama, na uamini tofauti kati ya vipimo kuliko namba yenyewe. Njia ninayoipenda ni kufunga bomba upande mmoja tu, kuendesha kwa kiasi ndani ya eneo lililofungwa na kwa ruhusa ya mwenye eneo, kisha kulinganisha kulia na kushoto. Hali ya hewa, dereva na idadi ya breki vinakuwa sawa kwa pande zote. Wenye uwezo hupaka kwenye ukingo wa diski rangi za joto, ambazo hubadilika zikifika takribani nyuzi 430, 560 na 610. Tafadhali usifanye majaribio haya kwenye barabara ya Moshi na Arusha, wala kwenye mteremko wa kutoka Marangu kwenda Himo, hata alfajiri. Njia hizo zina bodaboda, mifugo na watoto wa shule.

Inawezekana pia kupoza kupita kiasi. Pedi za mashindano huhitaji joto fulani ili zishike, na asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa na baridi yake, pedi zenye bomba wazi zinaweza kuwa bado zimelala kwenye kona ya kwanza. Mimi hubeba utepe wa kubandika na kuziba nusu ya mdomo panapokuwa na baridi, kisha naubandua jua likipanda. Kwenye njia ya changarawe huuziba wote, kwa kuwa bomba lililo wazi hupeleka kokoto moja kwa moja kati ya diski na bati lako jipya, na mlio wake utausikia kabla hujaelewa unatoka wapi. Wavu mdomoni husaidia, ingawa hupunguza upepo na hujaa vumbi na majani.

Ukimaliza mzunguko wa mwisho, zunguka tena polepole bila kugusa breki kadiri inavyowezekana, ili upepo umalize kazi yake. Ukiegesha, acha gari kwenye gia, uweke jiwe au kigingi chini ya tairi, na usivute breki ya mkono breki za nyuma zikiwa na moto, kwa sababu pedi zitashikilia doa moja la diski ambalo halitapoa sawasawa na mengine. Kesho yake vua magurudumu, pitisha kidole ndani ya kila mpira utoe mchanga, kaza klipu, na utazame kama kuna alama ya kung'aa kwenye bati la kikombe. Ikiwepo, nafasi yako ya milimita nne haikutosha.