Jiko lisilo na moshi

SWALI: Nyumba yetu iko mbali na viwanda na barabara, wala hakuna anayevuta sigara. Hata hivyo, mke wangu alikuwa akikohoa na kuwashwa macho kila alipopika kwa kuni, ndipo tukahamia mkaa. Nyakati za baridi jiko hilo tunaliingiza chumba cha kulala kwa kuwa halitoi moshi, kisha tunapuliza manukato ili kusafisha hewa. Je, tunakosea?

JIBU: Naam, na kosa la jiko chumbani lirekebishwe usiku wa leo. Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata aliyelala akakosa oksijeni pasipo kukohoa wala kushtuka. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo wengi huzidhania kuwa uchovu. Zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja, na zikapungua wanapotoka nje, shukuni jiko, tokeni mara moja na mwende hospitali.

Kuni mlikuwa na sababu ya kuziacha. Moshi wake hubeba chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ilhali unywele wa mtu una takriban mikromita 70, na kwa udogo huo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine zikaingia katika damu. Ndiyo maana madhara hayaishii kwenye nimonia ya watoto, saratani ya mapafu na kuziba kwa njia za hewa, bali hufika kwenye moyo na kusababisha kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Mkaa umepunguza chembechembe hizo, haukuziondoa.

Manukato hayasafishi chochote; hufunika harufu na kuongeza kemikali nyingine hewani, kama zifanyavyo rangi mpya na samani za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ambazo huweza kutoa fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo, kwa miezi mingi. Pua, kwa kweli, ni mlinzi wa kutiliwa shaka katika jambo hili.

Mkiweza, hamieni gesi au umeme, huku mkikumbuka kwamba mwali wa gesi nao hutoa dioksidi ya nitrojeni, hewa inayodhuru mapafu, hivyo dirisha la jikoni libaki wazi. Msipoweza, pikieni nje au mjenge dohani, na chumba cha kulala kitiwe joto kwa mablanketi. Ikiwa mkeo bado anakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, apimwe kifua kikuu, kwani si kila kikohozi cha mpishi hutokana na moshi.